Mto Uliosubiri Kuthaminiwa

Jamani, nipeni masikio kidogo kabla hamjarudi kwenye shughuli zenu. Nyumba ninayotaka kuwasimulia si nyumba ya ugomvi. Hakuna mlevi ndani yake, hakuna aliyewahi kumwinulia mwenzake mkono, na majirani hawajawahi kuitwa kuamua kesi. Ukipita nje asubuhi ungesikia redio kwa mbali, kijiko kikigonga kikombe, na watu wawili wa makamo wakitaniana. Wenye kijicho wangesema wale wamebahatika, na wasingekosea. Sasa sikilizeni yaliyowakuta.

Mume alikuwa mthamini. Kazi yake ilikuwa kwenda kwenye nyumba, viwanja na maghala ya watu, kugonga kuta, kuchungulia dari, kuuliza maji ya mvua yanapita wapi, kisha kutamka kwamba mali hii thamani yake ni hii. Aliifanya kazi hiyo muda mrefu hata jina lake likamezwa. Mtaa mzima ulimwita Mthamini, naye akiitika. Mke wake alifundisha jiografia katika shule ya msingi nyuma ya soko, na aliitwa Mwalimu na kila mtu, mumewe akiwemo. Walikuwa na binti mmoja, muuzaji wa duka la dawa, ambaye alikwisha kuolewa lakini Jumapili hakosi kuja kwao.

Jumapili moja wote watatu walikuwa mezani, na Mwalimu alikuwa amemwandama mumewe kwa utani kama kawaida yake.

"Bwana Thamani, hebu tuambie. Hii meza ukiipeleka sokoni leo, utaambulia nini?"

"Mguu mmoja una ufa," Mthamini alijibu bila kucheka. "Na juu imebabuka. Mnunuzi mwenye akili atayaona yote hayo."

"Na mimi je?"

"Wewe siwezi kukuthamini. Sina wa kukulinganisha naye."

"Msikie baba yako anavyojua kujitoa," Mwalimu alimwambia binti, akacheka, akanyanyua birika kumwongezea mumewe chai. Chai ikamwagika pembeni kabisa ya kikombe, ikatiririka mezani mpaka mapajani mwa binti. Binti akaruka. Mwalimu yeye aliendelea kumimina huku akimtazama mumewe na kutabasamu, mpaka Mthamini alipomshika mkono.

"Mama, huoni?" binti aliuliza.

"Naona," Mwalimu alisema. Kisha akainamisha kichwa, akakitafuta kikombe kwa macho, na kicheko kikamkauka.

Binti ndiye aliyewasukuma kwenda hospitali. Daktari wa macho alikuwa mama mmoja mpole aliyeongea taratibu, na alipomaliza vipimo vyake aliwakalisha wote wawili mbele yake.

"Mwalimu, una presha ya macho. Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba hauumi. Unaanza kula pembeni, kidogo kidogo, na mwenyewe unajiona mzima. Kilichokwisha kuliwa hakirudi. Matone nitakayokupa yatapunguza kasi, lakini tumechelewa, sitawaficha."

"Kasi ya nini?" Mthamini aliuliza.

"Ya kutoona, mzee wangu." Daktari akamgeukia Mwalimu. "Kama kuna mahali ulitamani kupaona, mama, usiweke kiporo."

Walirudi kwa miguu, Mwalimu akiwa amemshika mumewe mkono ingawa barabara ilikuwa nyeupe kwa jua. Wakafika kwenye karakana ya mafundi seremala, palipokuwa na kelele za misumeno. Hapo ndipo Mwalimu aliposema, kana kwamba alikuwa akisubiri kelele zimfunike.

"Nataka kuuona msitu wa mvua. Nataka kupanda ile boti inayopanda mto."

Mthamini alijua anasema nini. Kila mwaka Mwalimu aliuchora mto ule ubaoni kwa chaki ya bluu, ukipindapinda, na pande zote mbili akijaza kijani mpaka vidole vyake vinabadilika rangi. Aliwaeleza watoto kwamba miti imesongamana hata mvua ikinyesha inachukua muda kufika chini. Kila mwaka palikuwa na mtoto mtundu wa kumuuliza, "Mwalimu, wewe umefika?" naye akijibu, "Bado." Siku hizi kulikuwa na boti zenye vyumba vya kulala zinazochukua watu siku kadhaa ndani ya msitu, na ofisi ya kukata tiketi ilikuwa mjini hapo hapo, karibu na posta.

"Tutakwenda," Mthamini alisema.

Na alimaanisha. Ndugu zangu, msije mkamhukumu vibaya. Hakuwa mkono wa birika, akiba walikuwa nayo, na kama kuna mtu aliyempenda mkewe katika mtaa ule, ni yeye. Tena usiku ule ule alianza kufikiri, na kufikiri kwake ndiko kulikoleta balaa. Aliwaza hivi: macho ya mke wangu yamebaki kidogo. Yanatosha safari moja, labda. Nikiyapeleka mahali pasipofaa, nimeyatupa, na mengine sina. Kwa hiyo lazima nijue kwanza kama safari hii ya mtoni ina maana.

Akaanza kuuthamini mto.

Katika kazi yake kulikuwa na utaratibu, na aliufuata kama anavyofuata mtu aliyelelewa nao. Kwanza, hutamki thamani ya nyumba kwa kuitazama hiyo peke yake. Unatafuta nyingine zinazofanana nayo, unalinganisha. Pili, unawauliza waliokwisha kununua, maana wao wameonja. Na tatu, jambo ambalo aliwafundisha vijana wote waliopitia mikononi mwake: maoni ya mwenye mali hayaingii kwenye ripoti. Mwenye nyumba atakwambia hii ni ikulu, kwa sababu watoto wake walizaliwa humo. Unamwitikia kwa heshima, unakunywa maji yake, unaondoka. Ni kanuni nzuri sana. Kwa nyumba.

Alianzia kwa kinyozi.

"Ah, mzee, mteja wangu mmoja alikwenda huko," kinyozi alisema, mashine ikinguruma kisogoni kwake. "Alirudi hapa uso umevimba wote, mbu wamemfanya shamba lao. Nilishindwa hata kumnyoa ndevu."

"Kwa hiyo hakupenda?"

"Sasa hilo sikumuuliza. Nilikuwa nacheka."

Akaenda kwa jirani yake muuza mbao, ambaye alikuwa amekwenda na mkewe. Walimpokea vizuri, wakamkalisha sebuleni.

"Siku ya kwanza unasema, lo!" muuza mbao alieleza. "Siku ya pili unasema, lo. Siku ya tatu ni miti. Miti, bwana! Mimi nashinda na mbao mwaka mzima, halafu nikafunga safari kwenda kutazama miti!"

"Mwongo huyo, usimsikilize!" mkewe alipaza sauti kutoka jikoni. "Hiyo ndiyo safari pekee aliyonipeleka nikarudi na furaha. Nilikaa pale mbele ya boti mpaka wakaja kuniita kula."

"Ulikaa pale kwa sababu ulikuwa unatapika."

"Kutapika ilikuwa siku ya kwanza tu!"

Waliendelea kubishana hata Mthamini alipoaga. Alitoka akiwa na majibu mawili, na katika kazi yake majibu mawili yanayopingana maana yake ni kutafuta la tatu.

La tatu akalitafuta kwenye simu. Hapo, jamani, ndipo mtu alipozama. Kulikuwa na wageni wa kila namna waliokwisha kupanda boti zile na kuandika maoni yao. Mmoja alisema alilia kwa uzuri. Mwingine alisema alilia kwa hasara. Mmoja alishauri kwenda maji yakijaa, maana boti inapenya katikati ya miti. Mwingine akasema ukienda maji yakijaa hutaona mnyama hata mmoja, subiri kiangazi washuke kunywa. Mthamini alisoma akila, alisoma akiwa kazini ndani ya maghala ya watu, alisoma amekaa pembeni ya mkewe huku mkewe akimweleza jambo. Alipiga simu ofisi ya boti mara nyingi hata yule dada wa tiketi akaijua sauti yake.

"Karibu tena, Mzee wa Maswali," alikuwa akisema. "Leo tunauliza nini?"

Mwalimu naye hapo mwanzo alikuwa akiuliza kwa utani. "Bwana Thamani, ripoti ya mto imefika wapi?" Mumewe humjibu kwamba inakamilika, kwamba amebakiza kujua jambo dogo tu. Naye Mwalimu hujitia matone yake, akafumba macho na kuegemeza kichwa ukutani, akisubiri dawa iingie. Mbele bado aliona vizuri. Alisoma gazeti, alitia uzi kwenye sindano. Lakini mabega yake yalikuwa na alama za milango, na darasani wanafunzi wa pembeni walikuwa wakinyoosha mikono mpaka ikachoka. Mwalimu mkuu alimwita ofisini, akaongea naye kwa upole sana, na muhula ulipokwisha Mwalimu akaacha kazi. Alirudi nyumbani na chaki za rangi ndani ya mkoba, akaziweka kabatini.

Mvua zikaja, mto ukajaa. Mthamini akasema labda kiangazi ni bora. Kiangazi kikaja, akasoma mahali kwamba moshi wa mashamba yanayochomwa unafunika anga msimu ule. Akasema ngoja kidogo.

Siku moja alipita duka la dawa kuchukua matone. Binti yake alikuwa nyuma ya kaunta, koti jeupe limemkaa vizuri, na watu walikuwa wachache.

"Baba, safari vipi?"

"Nafuatilia. Kuna habari kwamba injini za boti zile zina kelele sana. Nataka kuhakikisha."

"Umemuuliza mama?"

"Nimuulize nini?"

"Kama inafaa au haifai."

Mthamini akacheka, kicheko kile cha kumchekea mwanafunzi. "Mama yako ndiye anayetaka kwenda. Atasema inafaa tu."

"Sasa si ndilo jibu hilo?"

"Hapana, mwanangu. Mwenye mali hasikilizwi. Atasema ni ikulu, ndivyo walivyo wote. Wewe unatafuta ukweli kwa walioko nje."

Binti akayatia matone kwenye mfuko wa karatasi, akakunja mdomo wa mfuko vizuri. "Baba, mama si nyumba," alisema, kisha akamgeukia mteja aliyekuwa akisubiri.

Mngedhani neno hilo lingemkata maini. Lilimwingia kidogo, nisiwe mwongo. Siku iliyofuata alikwenda ofisi ya boti kwa miguu yake, akakaa mbele ya yule dada, na kwa mara ya kwanza akaandikisha majina mawili. Alimwambia mkewe. Mwalimu alimkumbatia mlangoni, na jioni ile akaimba wakati wa kuosha vyombo, jambo ambalo halikuwa limesikika kwa muda. Kilichobaki kilikuwa kuthibitisha tu.

Kabla ya kuthibitisha, akasoma tena. Mtu mmoja, ambaye Mthamini hamjui wala hatamjua, alikuwa ameandika kwamba mto ule umechakaa sasa, watu wamezidi, na kwamba kuna mto mwingine, mbali zaidi, ambao haujaguswa. Mthamini akainuka kitini. Nawaambieni ukweli, alifurahi. Muda wote huo alikuwa akihangaika kwa sababu mto ulikuwa mmoja, na sasa alikuwa na miwili ya kulinganisha. Akaziachia zile nafasi.

"Nimepata mto bora zaidi," alimwambia mkewe. "Tusikimbilie. Nipe muda kidogo niutazame."

"Mimi niliutaka ule," Mwalimu alisema.

"Utanishukuru."

Tangu siku hiyo Mwalimu hakuuliza tena. Hakukasirika, hakununa, hakumnyima salamu. Aliacha tu. Alihamishia kiti chake dirishani, akawa anakaa hapo na redio, na chochote alichoulizwa alijibu kwa neno moja. Nikuwekee chai? Sawa. Au maji? Sawa. Binti anakuja kesho. Sawa. Utani ukakatika ndani ya nyumba ile kama maji ya bomba yanavyokatika, bila tangazo. Mthamini alidhani mkewe ameridhika kusubiri. Yeye mwenyewe alianza kusikia kitu kama ganzi kifuani, lakini alikifasiri kuwa uchovu wa kazi. Alikuwa akiingia nyumbani, anapita chumba hadi chumba, anagusa kuta, kama anakagua nyumba ambayo wenyewe wamekwisha kuhama.

Mvua zikaja tena na zikakatika tena.

Halafu siku moja mchana alirudi mbio, shati limemganda mgongoni, mkononi ana picha kubwa ya boti aliyopewa na dada wa tiketi. Alikuwa amemaliza. Alikuwa amelinganisha mito yote miwili, misimu yote, boti zote, na hesabu zote zilimrudisha kwenye mto ule ule wa kwanza. Mwalimu alikuwa kitandani akikunja nguo.

"Mwalimu! Nimekata shauri. Inafaa! Tena mto wako ule ule."

"Sawa."

"Hebu tazama." Akamwekea picha mkononi.

Mwalimu aliishika, akapitisha vidole juu yake kutoka upande mmoja hadi wa pili. "Nzuri," alisema. Alikuwa ameishika juu chini.

Mthamini alinyoosha mkono amgeuzie. Akatazama nguo zilizokunjwa. Mashati yake yote yalikuwa yamekunjwa vizuri sana, kona kwa kona, na mengine yalikuwa ndani nje.

"Unaona nini?" aliuliza.

"Naona dirisha liko wapi. Ukisimama mbele yake, najua umesimama."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zilipokatika."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza," Mwalimu alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja saa.

Mthamini aliketi ukingoni mwa kitanda. Alitarajia machozi, akayangoja, hayakuja. Hakusikia uchungu, hakusikia aibu. Alikufa ganzi, na kitu pekee alichokisikia ni kitambaa kikikunjwa. Kisha akamuuliza mkewe swali ambalo hakuwahi kumuuliza hata siku moja.

"Bado unataka kwenda?"

Mwalimu alimaliza kukunja shati, akaliweka juu ya mengine, akalipapasa lisianguke.

"Twende tu," alisema. "Umehangaika sana."

Wakaenda. Binti aliwasindikiza mpaka bandarini, akambusu mama yake, akampa baba yake mfuko wa matone ingawa wote walijua matone hayana kazi tena. Boti ilikuwa nzuri. Vyumba vilikuwa safi, shuka zimenyooshwa, na mbele kulikuwa na viti vya kukunja vilivyopangwa kuelekea ukingoni. Injini kweli ilikuwa na kelele; ilinguruma mchana kutwa hata ndege huwasikii, na kiongozi wa safari ilimbidi atumie kipaza sauti. Ilikuwa safari ya macho, na wenzao wote walikuwa na macho. Walisimama, walipiga picha, walisema lo.

Mthamini alijitahidi. Alivuta kiti karibu na cha mkewe, akawa anamweleza.

"Kulia kuna mti mkubwa. Unapita ghorofa tatu. Shina liko katika hali nzuri."

"Rangi gani?"

"Kijani."

"Kijani gani?"

Mthamini alitazama. Mbele yake kulikuwa na kijani cha kila namna, kimepandana, kingine kinakaribia kuwa cheusi na kingine kinang'aa kama kimelowa, na hakuna hata kimoja alichokijua jina. Miaka yote aliyokagua mali za watu hakuwahi kulazimika kusema kijani gani.

"Kijani cha kawaida," alisema.

"Sawa," Mwalimu alisema.

Akaendelea kumpa vipimo. Upana wa mto, kimo cha kingo, maji yana matope kiasi. Aliisikia sauti yake mwenyewe ikitoka, ikisoma kama inavyosoma mbele ya wateja, na hakuweza kuibadilisha.

Siku ya tatu, adhuhuri, kipaza sauti kililia ghafla: "Kima! Kima, kundi zima, wanavuka juu!" Watu wakakurupuka, viti vikaanguka, wote wakakimbilia upande wa kushoto hata boti ikalala kidogo. Kelele za watu na za injini zilichanganyika, ukawa huwezi kujua zinatoka wapi. Mwalimu naye alisimama. Aligeukia kulia. Uso wake, uliokuwa umezima muda wote huo, ukawaka. Akanyoosha kidole mbele yake, kuelekea ukingo mtupu wa tope ambako hapakuwa na jani lililotikisika.

"Wale pale!" alisema. "Nimewaona. Mume wangu, nimewaona!"

Mthamini angeweza kumshika mabega na kumgeuza. Mikono yake ilikwisha kunyanyuka. Kisha akajiuliza amgeuzie nini, kwani upande ule na upande huu kwa mkewe ni giza lile lile. Akaishusha mikono. Akasimama kando ya mkewe, mgongo wake kwa watu wote, akautazama ule ukingo wa tope.

"Ndio hao," alisema.

"Wana watoto?"

"Wanao. Mmoja amembeba wake mgongoni."

"Mdogo?"

"Mdogo sana. Amejishikiza kwa mikono miwili."

Nyuma yake watu walikuwa wakipiga makofi. Hakugeuka. Mpaka leo hajui kima wale walikuwa wangapi wala wa rangi gani. Boti ilipinda kona, makofi yakapoa, watu wakaanza kuokota viti vyao, na Mwalimu bado alikuwa amenyoosha kidole.

"Bado wapo?"

"Bado wapo," Mthamini alisema.

FUNZO

Kuna ambao mtanisimamisha njiani na kuniuliza, basi tuambie, hiyo safari ya boti msituni inafaa au haifai? Sitawajibu. Muuza mbao alishaijibu, mkewe alishaijibu, na watu wasiojulikana waliijibu usiku na mchana. Majibu yote yale yalikuwa ya kweli, na hakuna hata moja lililokuwa la Mwalimu.

Tumezoea kusema aliyemtelekeza mkewe ni yule aliyemkimbia. Mthamini hakukimbia popote. Alikaa pale pale, akihangaika kwa ajili ya mkewe, akimtafutia kilicho bora, na hangaiko lake likamla mkewe kuliko ugonjwa. Mtu wako akikwambia anachotaka na ukaona muda wake ni mfupi, wewe hujapewa kazi ya kukagua kama ametaka vizuri. Umepewa kazi ya kumfikisha. Ukikosea msimu, mkaumwa na mbu, mkachoka na miti, hayo mtayacheka pamoja mkirudi.

Na ninyi mnaojiona wazima, nendeni mkapime macho. Msingoje yaume, maana ugonjwa ule hauumi.

Leo ukifika nyumbani, iweke simu kando. Kaa karibu na mwenzako, mama yako, au baba yako, muulize anatamani nini. Akikujibu, usitoke kwenda kumuuliza mwingine.